Kila akipimwa mkojo, ni UTI

SWALI: Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo. Anatumia mpira wa mkojo muda wote. Kila akipimwa anaambiwa ana UTI, anapewa antibiotiki. Hii itaisha lini?

JIBU: Pole sana kwa kumuuguza. Mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mtu huwa na bakteria kwenye mkojo. Kuwa nao si kuugua. Mkojo kunuka au kuwa na ukungu, peke yake, hauhitaji dawa. Dawa za kila mara huzalisha bakteria sugu, na siku atakapougua kweli zitashindwa kumsaidia.

Kwa kuwa hasikii maumivu ya kawaida, tazameni homa, kutetemeka, misuli kukakamaa kuliko kawaida, mkojo kuvuja pembeni ya mpira, au uchovu usioeleweka. Hapo apimwe, na mkojo utoke kwenye mpira mpya, kamwe si kwenye mfuko.

Kama jeraha liko juu, kifuani au shingoni, kichwa kikimgonga ghafla huku akitoka jasho na uso ukiiva, mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, angalieni kama mpira umejikunja au umeziba, kisha mkimbizeni hospitali. Presha yake inaweza kupanda hadi kuua.

Muulizeni pia daktari wake kuhusu kuingiza na kutoa mpira mara 4 hadi 6 kwa siku, badala ya kuuacha muda wote. Mikono yake ikiwa na nguvu, naona hiyo ndiyo njia bora kwake.