Eriali Moja, Masafa Mengi

Ndugu msomaji, hebu shika rula na penseli kwanza, maana somo hili halieleweki kwa macho matupu.

Kila wimbi la redio lina urefu wake. Gawa 300 kwa idadi ya megahazi, utapata urefu huo kwa mita. Simu za mkono hapa Kenya hutumia, pamoja na masafa mengine, megahazi 900 na 1800. Wimbi la 900 ni kama sentimita 33. La 1800 ni nusu yake. Eriali ya kawaida hutaka nusu ama robo ya wimbi. Sasa hizo zote zitaingiaje katika kisimu cha mfukoni?

Chora mstari wa sentimita 27. (Mimi nilichora kwenye gazeti kuukuu, daftari halitoshi.) Ugawe mara tatu, futa kipande cha katikati, na mahali pake weka viwili vya urefu uo huo vikutane juu kama paa. Umepata 36. Fanya hivyo kwa kila kipande: 48. Tena: 64! Na ncha mbili hazijasogea, bado zimeachana kwa sentimita 27. Mchoro huu ni wa Helge von Koch wa Sweden, mwaka wa 1904. Maumbo kama hayo, ambayo sehemu hufanana na zima, huitwa frakitali. Mnamo 1988 Nathan Cohen wa Boston, Marekani, ambaye mwenye nyumba wake hakutaka eriali za nje, alikunja waya namna hiyo na redio yake ikanasa.

Wengine husema ati waya ukirefushwa mara mbili, eriali hupungua nusu. Hapo mimi nakataa! Mikunjo iliyokaribiana huingiliana, basi kila hatua huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Tena eriali ikifupishwa sana, upana wa masafa yake hubanwa. Kwa kupunguza kimo tu, hata waya wa nyokanyoka hufaa.

Utamu uko kwenye masafa mengi. Kata pembetatu ya shaba, toboa katikati pembetatu iliyopinduka. Zitabaki tatu zenye nusu ya kimo. Nazo zitoboe vivyo hivyo. Hiyo ni pembetatu ya Sierpinski. Carles Puente na wenzake wa Barcelona walichapisha vipimo vyake mwaka wa 1998: masafa yalipanda karibu mara mbili mbili. Umeme wa mawimbi mafupi hubaki karibu na ncha iliyoungwa waya, kwenye pembetatu ndogo. Wa mawimbi marefu huenea hadi juu. Kumbe ni eriali kadhaa zilizobebana!

Ila masafa ya kazi hayapandi mara mbili daima. 900 na 1800 yanakubali, 2400 ya waifai yanakataa. Hapo mhandisi hana budi kubadilisha ukubwa wa matundu, moja moja, na kupima upya.