Vyombo vya Motokaa Visivyohitaji Spana

Mhariri ameniomba niandike somo la Fizikia lililo karibu na maisha yetu ya kila siku. Nimefikiri sana, kisha nikaona kwamba hapa Tunduma hapana kitu tukionacho zaidi kuliko magari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ipitayo Morogoro, Iringa na Mbeya, hukoma hapa mpakani, na ng'ambo ya pili ni Nakonde, nchi ya Zambia. Malori husimama katika mstari mrefu, na katikati yake hupita motokaa ndogo zilizotoka Japani, zikashushwa bandarini, nazo zinakwenda kwa wenyewe huko Zambia na Kongo.

Siku moja ya likizo nilikuwa kituoni nikingoja basi la kwenda Mbeya. Kando yangu alikaa kijana mmoja, na miguuni pake ameweka mfuko mkubwa. Juu ya mfuko niliona ncha ya kapeti, mto mdogo, na kishikio cha simu.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia.

"Marahaba, kijana wangu. Umebeba duka?"

Akacheka. "Hili si duka, mzee. Hii ndiyo motokaa yangu."

Akanieleza kwamba kazi yake ni kuleta magari ya watu kutoka Dar es Salaam mpaka mpakani. Gari si lake, wala hana ruhusa ya kutoboa ndani yake hata tundu moja la sindano. Lakini hukaa humo mchana kutwa, hula humo, na pengine hulala humo. Basi akipewa gari huko Dar es Salaam huweka vitu vyake kwa dakika kumi: kapeti, vitambaa vya viti, mto wa mgongo, kishikio cha simu, na mfuko wa kutundika nyuma ya kiti. Akifika hapa huvitoa vyote kwa dakika tano, na mwenye gari hulikuta kama lilivyotoka melini. Kisha hurudi kwa basi na mfuko wake.

Maneno ya kijana yule yalinifundisha. Nikajiuliza, ni nguvu gani zishikazo vitu hivi bila msumari, bila gundi na bila spana? Hilo ndilo somo letu la leo. Mwisho wa somo nitawasimulia kosa langu mwenyewe, ambalo nusura liniletee msiba.

NJIA TANO ZA KUSHIKA BILA KUFUNGA

Ukivitazama kwa makini vyombo hivi vyote, utaona kwamba hushika kwa njia tano tu.

1. Msuguano. Kapeti la gari halikufungwa, ila chini yake pana vijino vidogo vya mpira. Vijino hivyo hukwaruzana na sakafu, na uzito wa miguu huvigandamiza zaidi. Sakafu ikiwa na mchanga au maji, msuguano hupungua, na kapeti huanza kutembea. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

2. Mvutano wa lastiki na springi. Kitambaa cha kiti kina lastiki katika upindo wake. Ukikivuta huongezeka urefu, ukikiachia hutaka kurudi katika hali yake ya kwanza, nacho hukumbata kiti. Kibanio cha simu kiwekwacho penye tundu la upepo hufanya kazi kwa sheria hiyo hiyo, ila badala ya lastiki hutumia springi ndogo ya chuma.

3. Sumaku. Kipande kimoja huwekwa penye dashibodi na kibati chembamba huwekwa nyuma ya simu. Njia hii ni nyepesi kuliko zote, lakini kumbukeni kwamba nguvu ya sumaku hupungua upesi sana vitu viwili vikitengana hata kidogo. Ukiweka kasha nene la simu katikati, sumaku iliyokuwa hodari huwa dhaifu.

4. Vikulabu na nyuzi. Hiki ni kile kitambaa cha pande mbili kinachoshikana, na ukikibandua hulia kama nguo inayochanika. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini milimani akaona mbegu za majani zimeng'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Wengine wangezing'oa na kulaani. Yeye alizitia chini ya hadubini, akaona kila mbegu ina vikulabu vidogo vingi. Akafanya kazi miaka mingi, na mwaka 1955 akapata hataza ya uvumbuzi wake. Enyi wanafunzi mnaokatiza majani asubuhi mkafika darasani na kishonanguo katika soksi, je, mmepata kukitazama kwa hadubini?

5. Uzito wa hewa. Kile kikombe cha mpira kinachogandamizwa juu ya kioo chadhaniwa na wengi kuwa kinakinyonya kioo. Sivyo. Ukikigandamiza, hewa ya ndani hutoka. Hewa ya nje ndiyo inayokisukuma na kukibana. Katikati ya karne ya 17 Mjerumani Otto von Guericke alikutanisha nusu mbili za tufe la shaba, akatoa hewa iliyokuwa ndani, na farasi waliovuta pande mbili wakashindwa kuzitenganisha.

Tufanye hesabu. Pwani, hewa husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 6 kina eneo la sentimita za mraba 28. Kama hewa yote ingetoka ndani yake, kingebanwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 28. Lakini Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Nguvu hupungua kwa takriban sehemu moja katika sita, nasi twabaki na kilo 23 hivi. Simu ya kawaida ni gramu 200 tu. Kwa nini basi kikombe huanguka? Kwa sababu ya vumbi. Chembe moja ya vumbi chini ya ukingo hufungua njia ndogo, hewa huingia polepole, na baada ya saa moja simu iko sakafuni. Futa kioo, lowesha ukingo kwa maji kidogo, kisha gandamiza. Utaona tofauti.

KOSA LANGU

Sasa nasimulia lile nililoahidi. Nina motokaa ndogo iliyozeeka. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, matope yalikuwa mengi, nami nikanunua kapeti jipya la mpira. Lilikuwa zuri, jeusi, na bei yake rahisi. Halikuwa la motokaa ya aina yangu. Lilizidi urefu kwa upana wa vidole vinne. Nikasema moyoni, "Kubwa si neno, litafunika vizuri." Tena sikulitoa lile la zamani, nililiweka jipya juu yake. Aliyeniuzia hakunidanganya. Lawama ni yangu mwenyewe, mwalimu wa Fizikia.

Usiku mmoja mvulana wa bweni alishikwa na homa kali, nami nikampakia pamoja na mwenzake mmoja kumpeleka hospitali Vwawa. Mvua ilikuwa ikinyesha na viatu vyetu vyote vilikuwa na matope. Tulipokwisha kupita Mpemba tulifika penye mteremko. Nikaondoa mguu katika pedeli ya mafuta, lakini motokaa haikupunguza mwendo. Injini ilikuwa ikinguruma kama ninayeikanyaga. Nikapapasa kwa mguu, nikagundua kwamba kapeti limesogea mbele, na ukingo wake umeilalia pedeli.

Jambo la kwanza lililonijia ni kuinama na kulivuta kwa mkono. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo, kwani mwenye kuinama haoni njia. Nilikanyaga klachi, nikatia gia huru, ambayo madereva huiita fri, kisha nikakanyaga breki kwa nguvu moja bila kuiachia. Injini ililia sana, lakini magurudumu hayakupata tena nguvu yake. Nikaiegesha motokaa kando, nikazima injini. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka.

Yule mgonjwa akafumbua macho, akauliza, "Mwalimu, tumefika?"

Nikamjibu, "Bado, mwanangu. Lakini tutafika."

Nikalitoa kapeti jipya, nikalitupa nyuma, tukaendelea na safari. Mvulana alitibiwa, naye yu mzima. Mimi nilikesha nikifikiri juu ya watoto wawili wa watu niliokuwa nao ndani ya gari.

Baadaye nilisoma kwamba mambo kama haya yametokea hata kwa mataifa makubwa. Mwezi Agosti mwaka 1909 motokaa zilikuwa changa bado. Lakini Agosti 2009, miaka mia baadaye, huko California, Marekani, watu wanne walikufa katika motokaa aina ya Lexus iliyokimbia bila kuzuilika. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani yake palikuwa na kapeti la motokaa ya aina nyingine, nalo lilinasa pedeli. Mwaka huo huo kampuni ya Toyota ilitoa wito juu ya motokaa zaidi ya milioni 3 nchini Marekani kwa ajili ya makapeti tu. Kitu kinachowekwa bila spana kinaweza kuondoka mahali pake bila spana vile vile.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa ajili ya wazazi wenye magari, na kwa ninyi wanafunzi mtakaokuwa madereva kesho, naandika mambo haya sita.

Kwanza, kapeti la dereva liwe moja tu, la kipimo cha gari lile. Kama sakafu ina vibanio vya kulishikia, vitumieni. Kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedeli zote mpaka mwisho, utazame kama zarudi bila kugusa kitu.

Pili, chupa ya maji isiachwe kuviringika sakafuni upande wa dereva. Chupa ndogo ikiingia chini ya breki yatosha kuua basi zima. Mfuko wa nyuma ya kiti haukuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Ndiyo nyumba ya chupa.

Tatu, gari nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya usukani, ndani ya dashibodi, na nyingine ubavuni mwa kiti. Ajali ikitokea hufumuka kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kitambaa kizito juu ya dashibodi, au foronya ya kiti isiyo na nafasi ubavuni, huweza kuuzuia mfuko, au kukirusha kitu kilichowekwa juu yake usoni mwa abiria.

Nne, kitambaa cha usukani kiwe cha kukaza. Kikizunguka peke yake mkononi, dereva amekata kona naye usukani haukukata.

Tano, kishikio cha simu na mapambo yanayoning'inia yasizibe kioo cha mbele. Kitu chembamba kilicho karibu na jicho chaweza kumficha mtoto anayevuka barabara mbali.

Sita, vitu vizito visiwekwe juu ya dashibodi wala nyuma ya vichwa vya abiria. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lapita takriban mita 14 kwa sekunde. Likigonga na kusimama ghafula, kitu kisichofungwa huendelea kwa mwendo ule ule. Ni sawa na kitu kilichoangushwa kutoka urefu wa karibu mita 10. Nani atakubali kuangushiwa spana kichwani kutoka ghorofa ya tatu?

Msifikiri kwamba nawakataza kupamba magari. La, hasha. Mtu akikaa mahali pazuri hufanya kazi kwa moyo. Mwenye cherehani aweza kushona foronya za viti kwa kitenge na lastiki, na mfuko wa kutundika kwa turubai kuukuu, kwa gharama ndogo. Nataka tu kila chombo kiulizwe maswali mawili: Wewe washikwa na nini? Na ukiachia, utaangukia wapi?

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kikombe cha mpira kina kipenyo cha sentimita 4. Tafuta nguvu kubwa kuliko zote iwezayo kukibana, kwanza Dar es Salaam, kisha Tunduma.

2. Motokaa inakwenda kilomita 72 kwa saa. Kitu kilicholegea ndani yake ni sawa na kilichoanguka kutoka urefu gani? (Chukua mvuto wa dunia kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde.)

3. Kwa nini kapeti lenye matope chini yake huteleza kuliko lililo kavu?

4. Kwa ruhusa ya mwenyewe, na injini ikiwa imezimwa, pima nafasi iliyopo kati ya kapeti na pedeli ya mafuta katika motokaa moja ya nyumbani au ya jirani. Chora picha.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Swali la nne ndilo nilipendalo zaidi, kwani huenda mmoja wenu akapima, akakuta kapeti limelalia pedeli, akamwambia baba yake. Siku hiyo somo langu litakuwa limelipa gharama yake. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilijifunza maana yake njiani, usiku, penye mvua.