MALEZI YA KIJIJINI ZAMANI: JE, YALIKUWA RAHISI?



Wazee wakikaa barazani jioni, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajasema, "Zamani maisha yalikuwa rahisi." Wenzake huitikia, na vijana waliopo hunyamaza kwa adabu. Neno hili tunalisikia Bagamoyo, Kaole, Mlingotini, Saadani, na hata Kunduchi na Mbweni ambako siku hizi mji umekwisha kuvimeza vijiji. Wazazi nao hulichukua wakalitumia kama fimbo: mtoto akikataa kuchota maji huambiwa, "Sisi wakati wetu…" Basi katika somo hili nataka tulichunguze neno lenyewe, maana nadhani ndani yake yamechanganywa mambo mawili. Liko jambo la uchache wa vitu, na liko jambo la wepesi wa maisha. Vitu vilikuwa vichache, hilo halina ubishi. Lakini wepesi ni habari nyingine.

Tunaye shahidi mzuri, naye ni mtu wa kwetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 habari alizoziandika yeye pamoja na wenzake zilichapishwa Ujerumani kwa Kiswahili, zikitengenezwa na Carl Velten, katika kitabu cha desturi za Waswahili. Humo mna habari za uzazi, kumpa mtoto jina, michezo ya watoto, chuo cha Korani, jando na unyago, kilimo, uvuvi na hata utumwa. Mtu anayetaka kujua mtoto wa Bagamoyo alikuaje miaka mia na zaidi iliyopita, na aanzie hapo. Mtoro mwenyewe akawa Mkristo, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya Kijerumani haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Wakarudishwa Ulaya. Alikufa Berlin mwaka 1927. Huniuma kufikiri kwamba mtu aliyetuhifadhia habari za nyumbani kwa ufundi namna ile, yeye mwenyewe alifungiwa mlango wa nyumbani.

Sasa tuitazame kazi ya mtoto, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na shule yake ya kwanza. Saa ya mtoto wa pwani ilikuwa bahari. Alijua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, yakashuka zaidi ya meta 3, na miamba yote ikawa nje. Hapo wanawake na wasichana hushuka kwa makundi na vikapu na vijiti, wakitafuta pweza katika mapango yake, chaza na kombe, na wengine wakitanda uduvi kwa tandio au kwa kanga kuukuu. Mtoto alikwenda nyuma ya mama yake au shangazi yake. Hakuna aliyemkalisha chini na kumwambia, "Leo nakufundisha pweza." Alitazama, akajaribu, akakosea, akachekwa, akajaribu tena. Akifika miaka kumi alijua pango lenye pweza kwa kuyaona magamba na mawe madogo yaliyotupwa mlangoni, na alijua maji yakianza kurudi ni wakati wa kuondoka upesi asije akazingirwa.

Lakini tazameni jambo moja ambalo wasimulizi wa zamani hulisahau. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya darasa. Basi zilipokuja shule, msichana wa kijiji cha wavuvi alikuwa na mabwana wawili wa saa ile ile, kengele na bahari, na mara nyingi bahari ndiyo iliyoshinda, maana ndiyo iliyoleta kitoweo cha jioni. Wako akina bibi wengi pwani hii wasiojua kusoma, si kwa sababu walikuwa wavivu wala wazazi wao wajinga, bali kwa sababu maji yalikupwa saa nne.

Wavulana nao walianza na chambo na kuyatoa maji ngalawani, kisha kutega dema, kisha kujua upepo. Kaskazi na kusi havikuwa maneno ya kitabu. Mtoto aliyekosea kuutambua upepo alilipa kwa ngozi yake, au kwa nyavu za baba yake, jambo lililokuwa baya zaidi.

Upande wa bara, kwa Wakwere, Wadoe, Wazigua na Wazaramo wa bondeni kwenye mito ya Ruvu na Wami, kazi kubwa ya mtoto ilikuwa kuamia. Mpunga na mtama vikianza kutoa mashuke, ndege huja makundi kwa makundi, na mchana kutwa mtoto hukaa juu ya dungu na kombeo lake, akipiga kelele na kugonga debe. Usiku ni zamu ya wakubwa, kwa sababu ya nguruwe. Tumbili na nyani huja alfajiri, nao ni wajanja, wakiona aliyepo ni mtoto hawakimbii haraka kama wakimwona mtu mzima. Kazi hii haikuwa mchezo. Mtoto akilala juu ya dungu mchana mmoja, nyumba nzima ilipungukiwa na chakula. Hapo nasema waziwazi kwamba mtoto yule alikuwa na heshima ambayo mtoto wetu wa leo hana: alijua kwamba anahitajiwa. Wa leo tunamlisha, tunamvisha, tunamlipia ada, lakini hakuna siku hata moja ambayo nyumba itapungukiwa kama hakuamka. Naye anajua.

Michezo nitaipita kwa haraka, kwa kuwa kila msomaji ana ya kwake: mdako, rede, kibemasa, pia, mpira wa matambara, magari ya mabua, vingalawa vya vifuu. Na usiku vitendawili na hadithi, ambazo bibi hakuzisimulia mchana, wala hakuzisimulia bure, maana huku wakisikiliza wasichana walikuwa wakisuka ukili.

Jambo jingine ambalo wazee husifu ni kwamba mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Mtu mzima yeyote aliweza kumtuma, kumkanya, au kumpiga, na mtoto aliyepigwa njiani hakuthubutu kusema nyumbani, kwani angeongezwa. Babu na bibi walikuwa na utani wao na wajukuu, bibi akimwita mjukuu wake "mume wangu", na kwa utani huo mtoto alipata mahali pa kusema yale asiyoweza kumwambia baba. Huu ulikuwa utaratibu mzuri, nami nausikitikia. Hata hivyo tusiufanye kuwa mzuri kuliko ulivyokuwa. Pale ambapo kila mkubwa ana haki ya kumrudi mtoto na mtoto hana haki ya kumshitaki mkubwa, mkubwa mbaya hujificha vizuri sana. Watoto wengine waliteswa au kuharibiwa na jamaa wa nyumbani, na kijiji kikanyamaza ili kuficha aibu. Kwa hiyo mtu akisema Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeharibu malezi, tumwulize kwa upole: malezi ya nani?

Tuje kwenye unyago. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na kwa Wazaramo na Wakwere kukaa huko ndani kuliweza kudumu miezi mingi. Alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfundisha usafi, adabu, mambo ya ndoa na uzazi, na kuendelea kuwa mshauri wake hata baada ya kuolewa. (Angalieni kwamba neno hili hili "somo" ndilo tulilolipa funzo letu hili.) Katika mafunzo hayo alipewa pia mwana hiti, sanamu ndogo ya mti isiyo na mikono wala miguu, ambayo siku hizi mnaweza kuikuta katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuliko katika vijiji vya Bagamoyo.

Kanisa lilijiuliza tangu mapema lifanye nini na mambo haya. Wengine walikataza yote. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alichukua njia nyingine. Pamoja na mapadre wenyeji alilitengeneza jando la Kikristo, lenye sala na mafundisho, akiona kwamba ukimwondolea mtoto mafunzo ya kuwa mtu mzima usimpe mengine, umemwacha njiani. Wako waliomlaumu. Mimi naona swali lake ni zito kuliko jibu lake, na swali hilo lingali nasi. Leo ngoma ingaliko mahali pengi, na vyakula, na sare, na michango. Lakini mafunzo yako wapi? Binti hufundishwa na simu, usiku, peke yake, na mwalimu huyo hana haya wala hamjui jina.

Tena tuseme ukweli kwamba mwali alitolewa nje ili aolewe, na wengi walikuwa watoto bado. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Anayewasifu akina bibi kwa kuolewa mapema na awaulize wenyewe kwanza, tena awaulize faraghani.

Na sasa yale ambayo barazani hayasemwi kabisa. Nzige walikula mazao ya pwani hii mwaka 1894, na kati ya 1898 na 1900 ukame ulileta njaa kubwa, wakati ule ule Wajerumani walipoanza kudai kodi ya nyumba. Kabla ya hapo palikuwa na utumwa. Misheni ya Wakatoliki ilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868, wakazi wake wa kwanza wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na kwa upande wetu Waanglikana watoto kama hao walilelewa Unguja, wavulana Kiungani na wasichana Mbweni. Wavulana wa Kiungani waliandika habari zao wenyewe, na A. C. Madan akazitoa katika kitabu mwaka 1887. Ni watoto wanaoeleza jinsi walivyokamatwa na kuuzwa. Nao pia ni watoto wa "zamani", na baadhi ya babu zetu wametoka kwao.

Halafu kifo. Katika sensa ya mwaka 1988 ilikadiriwa kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 115 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipata 33. Hawa 33 bado ni wengi mno. Lakini mwanamke aliyezaa watoto wanane wakati ule, akawalea watano, hakuwa na maisha rahisi, na kama hasemi ni kwa sababu hatukumwuliza.

Jambo la mwisho la kuangalia ni kwamba neno "zamani" huhama. Kwa mzee wa miaka sitini leo, zamani ni kijiji cha ujamaa. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitolewa amri watu wote wahamie vijijini kabla mwaka 1976 haujaisha. Wengine wakaacha minazi na miembe ya babu zao. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakajaa, na watoto wakaenda shule na jembe kwa ajili ya shamba la shule. Wako wanaoikumbuka miaka hiyo kwa furaha, na wako wanaokumbuka foleni ya sabuni. Mara nyingi ni mtu mmoja anayekumbuka yote mawili, inategemea umemwuliza nini.

Kwa sababu hiyo, vikundi vya nyumbani na Umoja wa Akina Mama vinaombwa kufanya kazi ifuatayo kabla ya mkutano ujao. Kila kijana amchague mzee mmoja, akamwamkie, akae naye. Asimwulize "Zamani ilikuwaje?", kwani atajibiwa kwamba ilikuwa rahisi. Amwulize: Ulikuwa na umri gani ulipoanza kwenda kuamia, au kushuka pwani? Mlilala watoto wangapi kwenye mkeka mmoja? Mlikula nini mwezi wa njaa, kabla mavuno hayajaiva? Nani alikufundisha mambo ya utu uzima, na alikuficha nini? Mlizaliwa wangapi kwa mama yenu, na mlikua wangapi? Majibu yaandikwe katika daftari kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyasafisha. Mzee akinyamaza alipoulizwa habari za ndugu zake waliokufa, asisukumwe. Kijana aende siku nyingine, na akienda asiende mikono mitupu.