Samaki Hana Sauti: Jinsi ya Kutambua Ugonjwa Kidimbwini

Ng'ombe akiugua, mwenyewe hujua upesi. Hukataa malisho, manyoya husimama, maziwa hupungua. Lakini samaki hana sauti, na kidimbwi hakina kioo kama lile sanduku la samaki wa pambo ambalo watu wa mjini huweka nyumbani. Ndiyo sababu wakulima wengi hugundua kwamba pana shida siku wanapoona samaki wakielea matumbo juu. Hapo hukimbilia dukani kununua dawa, na mara nyingi hupoteza samaki na fedha pamoja.

Somo la mwezi huu ni fupi: chunguza maji kwanza, kisha samaki, na dawa iwe ya mwisho. Samaki hula, hupumua na hutoa kinyesi ndani ya maji yale yale. Maji yakiharibika, hana pa kukimbilia.

1. Tazama saa
Nenda kidimbwini alfajiri, kabla jua halijatoka. Je, samaki wako juu wakipanua vinywa, au wamekusanyika mahali maji yanapoingilia? Kisha rudi saa nne ya asubuhi. Ikiwa wametulia, basi yaelekea shida ni upungufu wa oksijeni. Mchana ule ukijani wa maji hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku huacha kuitengeneza, nao wenyewe huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo alfajiri ndipo inapokuwa kidogo kabisa. Lakini wakitweta mchana kutwa, shuku maji machafu au matamvua yaliyoharibika.

2. Hesabu waliokufa
Wengi wakifa usiku mmoja, na hasa wakubwa, shuku oksijeni. Wakifa wachache leo, wachache kesho, na hesabu ikapanda polepole, shuku ugonjwa wa kuambukiza. Wakifa wote ghafula, wadogo kwa wakubwa, hata vyura na wadudu wa majini, shuku sumu. Uliza kama jirani wa juu amenyunyiza dawa ya mimea au ameosha bomba la dawa mtoni. Samaki wa namna hiyo wasiliwe.

3. Pima maji kwa mkono
Tumbukiza mkono ukiwa umenyoosha kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, ukijani wafaa. Kikipotea kabla ya hapo, mbolea au chakula kimezidi. Nusa pia. Maji yakinuka uvundo, chakula kinaoza chini. Chakula kisicholiwa na kinyesi hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua.

Wenye kufuga trauti katika sehemu za baridi wapime na joto. Samaki huyu ni mwepesi wa kudhurika, naye hutaka maji yaliyo chini ya digrii 20. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi. Tilapia ni kinyume chake: hupenda digrii 25 hadi 30, na maji yakiwa baridi huacha kula. Basi tilapia asiyekula wakati wa baridi huenda si mgonjwa.

4. Shika samaki
Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu huondoa ule utelezi unaomlinda. Funua kifuniko cha shavu utazame matamvua: ya samaki mzima ni mekundu. Yakiwa meupe, ya rangi ya udongo, au yamejaa kamasi, ni dalili mbaya.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, na samaki kujisugua chini, ni dalili ya kijidudu cha vidoa vyeupe. Nyuzi kama pamba ni ukungu, ambao mara nyingi hufuata jeraha la wavu au kushikwa vibaya. Vidonda vyekundu, tumbo kuvimba, macho kutokeza au kuogelea kwa kuzunguka huweza kuwa ugonjwa wa bakteria. Huo hautambuliki kwa macho tu.

5. La kufanya
Siku hiyo hiyo acha kulisha na kutia mbolea. Toa maji ya chini, ingiza maji mapya polepole. Ondoa waliokufa, uwafukie mbali. Usihamishe samaki wala wavu kwenda kwa jirani.

Kwa samaki wachache wenye ukungu au vijidudu, waweza kuwaogesha katika chumvi, gramu 10 kwa kila lita ya maji, kwa dakika 10 hadi 30. Akianza kulala ubavu, mtoe mara moja. Kumbuka kwamba kijidudu cha vidoa vyeupe hakifi kikiwa ndani ya ngozi. Huuawa kinapoogelea majini kutafuta samaki mwingine. Kwa hiyo tiba ya mara moja haitoshi. Dawa za samaki wa pambo zisitiwe kwa samaki wa kuliwa, wala dawa za ng'ombe zisimwagwe kidimbwini.

Usipoelewa, mwite afisa wa samaki. Mpelekee samaki aliye hai lakini mgonjwa, katika mfuko wenye maji na hewa. Aliyeoza hasemi kitu.

Jipime
Swali: Samaki wakubwa 40 wamekufa usiku, wadogo wazima, maji ni ya kijani kibichi sana. Ununue dawa gani?
Jibu: Usinunue. Ingiza maji mapya, punguza chakula na mbolea.

Swali: Kila siku wafa wawili au watatu, wana vidonda, maji ni mazuri.
Jibu: Mwite afisa leo, usingoje wafike kumi.

Weka daftari. Andika kila siku chakula, hali ya maji na waliokufa. Afisa akifika, daftari hilo litamwambia yale samaki asiyoweza kusema.