Mteja akisema bei imechangamka, mweleze kazi: somo kutoka kwenye ngozi ya ubongo na moshi

Wadau, kila siku tunaulizwa inboksi "mbona bei kubwa hivyo?" na wengi wetu tunajibu "ni orijino dada". Hilo si jibu. Leo tuangalie ngozi moja ya Marekani na Kanada ambayo bila kuelezwa hainunuliki.

Ni ngozi ya kulungu wa kule, ufundi wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini tangu zamani sana. Hailainishwi kwa kemikali, inalainishwa kwa ubongo. Ndiyo, ubongo. Usikunje uso, endelea kusoma.

Kwanza wanakwangua nyama na mafuta, kisha wanailoweka siku kadhaa kwenye maji au maji ya majivu. Wanakwangua tena, na hapa hawatoi manyoya tu. Lile tabaka la juu lazima litoke lote, maana linazuia ubongo kupenya. Ubongo unapondwa na maji ya vuguvugu mpaka uwe kama uji mwepesi. Una mafuta, halafu una kitu kinachofanya mafuta yakubaliane na maji, ndiyo maana yanazama mpaka ndani. Kiini cha yai kinafanya hivyo hivyo, kwa hiyo wapo wanaotumia mayai.

Sasa kazi yenyewe. Ngozi inakamuliwa, halafu inavutwa huku na huku bila kuachwa mpaka ikauke kabisa. Ni saa nyingi, mikono inauma. Ukiiacha ikauke yenyewe inakuwa ngumu kama ya ngoma, unarudia kulowanisha na kuvuta.

Mwisho ni moshi. Inashonwa kama mfuko, inaning'inizwa juu ya kuni zilizooza zinazofuka bila mwali. Inatoka nyeupe inakuwa ya dhahabu au kahawia, lakini hawafanyi hivyo kwa ajili ya urembo. Moshi unashika nyuzi za ngozi, hivyo hata ikilowa itakauka na kubaki laini. Isiyofukizwa ikinyeshewa inakakamaa.

Hapo ndipo muuzaji wa mtandaoni anapopata au kupoteza hela. Kwenye picha, ngozi iliyopakwa rangi ya kahawia na iliyofukizwa zinafanana, na mteja hawezi kunusa simu. Kwa hiyo andika wazi: imefukizwa au haijafukizwa, haina upande unaong'aa, na itanukia moshi. Hilo la harufu usiliache kabisa! Usipolisema, mteja akifungua mzigo atadhani umeungua, ataanza kudai hela yake.

Na usidanganye nani katengeneza. Marekani kuna sheria ya 1990 inayokataza kuuza sanaa kwa kusingizia imetengenezwa na wenyeji wa asili.

Sasa chukua bidhaa yako moja. Mfano kikapu cha ukindu: ukindu ulikatwa, ukaanikwa, ukachemshwa na rangi, ukasukwa kwa mkono siku ngapi? Rangi inachuja ukilowa? Andika hayo kwenye posti kabla ya bei, sio baada ya mteja kulalamika. Kama unauza sendo za ngozi, sema imelainishwa na nini na ikinyeshewa inakuwaje. Kama hujui, mpigie fundi wako leo umuulize.

Niandikie hapo chini bidhaa yako na hatua moja ambayo mteja haioni kwenye picha. Nitapitia zote jioni nikifunga duka.