Kivumishi "Inhospitable" na Tatizo la Kutafsiri Maelezo ya Uwanda wa Makonde

Makala hii inachunguza asili na matumizi ya kivumishi cha Kiingereza "inhospitable", pamoja na tatizo la kukitafsiri katika maelezo ya uwanda wa juu wa Makonde.

Kiasili, kivumishi hiki kinatokana na neno la Kilatini "hospes", ambalo lilimtaja mgeni na mwenyeji kwa pamoja, likatanguliwa na kiambishi cha ukanushi "in-". Kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 16. Leo kina maana mbili: (a) mtu asiyekirimu wageni, (b) mahali ambapo maisha ni magumu.

Kiswahili hutenganisha maana hizo. Kwa (a) tunasema "asiye mkarimu". "Mchoyo" halitoshelezi, kwani mchoyo wa mali aweza kumlaki mgeni kwa bashasha. Kwa (b), mfasiri huchagua "-siokalika" au "kame". Je, maneno haya yanafaa kwa Newala?

"Kame" halifai. Mvua hunyesha uwandani, bali maji huzama upesi katika udongo wa kichanga. Ndiyo maana kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuyateka. Tatizo, basi, si uhaba wa mvua, bali ni kukosekana kwa maji juu ya ardhi.

"Isiyokalika" nalo linapingana na historia. Kitenzi "kalika" hueleza uwezekano wa kukaa, nao Wamakonde wamekaa huko. Zaidi ya hayo, misioni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, ambaye pia ni mwanasarufi wa Kiswahili, ilivamiwa na Magwangwara mwaka 1882. Baada ya uvamizi huo, shughuli zake zilihamishiwa Newala. Nchi ambayo mgeni angeiita ngumu ndiyo iliyowapa watu hifadhi.

Hivyo basi, kivumishi hiki hubeba mtazamo wa mpitaji, wala si wa mwenyeji. Neno "mwenyeji" lenyewe, yaani "mwenye mji", latukumbusha kwamba mahali hupimwa pia na wenye kupakaa. Tunapendekeza mfasiri asitafute kisawe kimoja, bali ataje sababu yenyewe: "uwanda usio na maji ya juu ya ardhi". Tafsiri hiyo ni ndefu, lakini haiwafuti wakazi katika nchi yao.