Chatu wa Nyakach na Soko la Dunia: Sheria Inasema Nini?

Mwaka 2003, chatu mkubwa alionekana katika kijiji cha Wasare, Nyakach, akiwa na mayai yake. Wakazi wengi walimwita Omieri, wakiamini kwamba ujio wake huleta mvua na mavuno mema. Wengine walihofia watoto na mifugo yao. Omieri aliyemtangulia aliungua kwa moto wa kichakani mwaka 1987, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na akafa huko.

Nje ya Nyakach, chatu ana thamani ya aina nyingine. Ngozi yake hutengenezwa mikoba, viatu na mishipi, na chatu hai huuzwa kwa wafugaji wa nyoka ng'ambo. Ndiyo sababu anatajwa katika sheria za kimataifa.

Mkataba wenyewe

Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini hujulikana kwa kifupi kama CITES. Ulitiwa saini mjini Washington, Marekani, tarehe 3 Machi 1973, na ukaanza kutumika Julai 1975. Kenya ilijiunga mwaka 1978. Leo zaidi ya nchi 180 ni wanachama, zikiwemo jirani zetu wa ziwani, Uganda na Tanzania.

Mkataba huu una orodha tatu:

Orodha ya Kwanza ni ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Kuuza nje ya nchi waliotolewa porini kwa ajili ya biashara hakuruhusiwi. Hapa wamo ndovu wa Kenya, kakakuona na kasuku wa kijivu.

Orodha ya Pili ni ya viumbe wanaoweza kufikia hali hiyo iwapo biashara haitadhibitiwa. Chatu yumo, pamoja na kiboko na korongo taji, ambao wakazi wa pwani ya ziwa wanawafahamu vyema. Mwaka 2013 uliongezwa msandali wa Afrika Mashariki, mti ambao wavunaji huung'oa na mizizi kwa sababu ya mafuta yake.

Orodha ya Tatu ni ya viumbe ambao nchi moja imeomba wengine waisaidie kuwalinda.

Kibali hutolewaje?

Kwa kiumbe wa Orodha ya Pili, kibali cha kumpeleka nje hutolewa pale tu mambo mawili yanapothibitishwa: kwamba biashara hiyo haitadhuru uhai wa spishi yake porini, na kwamba kiumbe huyo alipatikana kihalali. Nchini Kenya, vibali vya wanyama hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Sharti la pili ndilo linalomhusu mwanakijiji. Dalali akifika akisema, "Nishikie chatu, karatasi zitapatikana Nairobi," ajue kwamba anadanganywa. Mnyama aliyekamatwa bila idhini hawezi kuhalalishwa na kibali cha baadaye. Aliyemkamata tayari amevunja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hata kama hajavuka mpaka wowote.

Funzo la siafu na sisimizi

Si wanyama wakubwa pekee. Aprili 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliofungwa kwenye vijichupa vyenye pamba. Sisimizi hao hawakuwa kwenye orodha za CITES, lakini sheria ya Kenya inadai kibali kwa wadudu wa porini pia. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Mkenya mmoja alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa katika kesi hizo.

Ziwani pia ni mpaka

Katika mkataba huu, biashara ni kuingiza au kutoa kiumbe, au sehemu yake, katika nchi. Meno ya kiboko yanayopakiwa kwenye boti kwenda Uganda au Tanzania ni bidhaa ya kimataifa, sawa na mzigo wa ndege.

Mkazi afanye nini?

• Akiona chatu au mnyama mwingine bomani, asimguse wala kumuua. Awaondoe watoto na mifugo karibu, kisha amjulishe chifu au maafisa wa KWS, wanaopatikana katika Hifadhi ya Impala, Kisumu.

• Asinunue wala kuhifadhi ngozi, meno, magamba au ndege wa porini, hata kwa kumwekea mwingine.

• Akiokota mabaki ya mnyama, ayaripoti mara moja badala ya kuyapeleka nyumbani.

• Anayetaka kufuga nyoka au ndege wa porini kwa biashara aombe leseni ya KWS kabla ya kupata mnyama wa kwanza.

Dalali hulipa kidogo na kuondoka. Anayebaki na mzigo nyumbani ndiye hukamatwa kwanza.